Yah: Shukrani za Dhati Kutoka Manundu, Pamoja na Ombi Dogo

Kwako Mheshimiwa Sana,
Mwenye Dhamana ya Afya Zetu,
Dodoma.

Shikamoo Mheshimiwa. Naitanguliza shikamoo bila kuuliza umri wako, kwa kuwa cheo nacho kina miaka yake, na miaka ya cheo chako imeipita kwa mbali hii yangu hamsini na minane. Baada ya salamu, namshukuru Mwenyezi Mungu aliyekujalia uzima. Natumaini barua hii itakukuta wewe mzima, wasaidizi wako wazima, na wasaidizi wa wasaidizi wako, ambao ndio hasa watakaoisoma, nao wazima. Itifaki imezingatiwa. Kama kuna mkubwa nimemruka, aniwie radhi, si kwa dharau bali kwa uchache wa karatasi.

Mimi ni fundi cherehani wa Manundu, Korogwe Mjini, mkoa wa Tanga. Kibaraza changu kiko hatua chache kutoka barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, kwa hiyo nakufahamu vizuri, Mheshimiwa, maana huwa unapita hapa ukienda kwenye mikutano Arusha. Hujawahi kusimama, na kwa hilo tunakushukuru: ungesimama kutusikiliza, ungechelewa kikao cha kujadili namna bora ya kutusikiliza. King'ora chako kinatutosha. Tukikisikia tunajua Serikali ipo, na ina haraka.

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Kwa heshima na taadhima, naomba nianze kwa kuishukuru Serikali yetu sikivu kwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Tuliifuata redioni kama watu wanavyofuata Simba na Yanga. Muswada ulifika Bungeni Septemba 2022, ukaahirishwa, ukarudishwa, na Novemba 2023 ukapita, makofi yakapigwa. Ule wa mwanzo ndio uliotugusa zaidi. Ulitaka asiye na bima akwame kwenye leseni ya udereva, kwenye pasipoti, hata kwenye kusajili laini ya simu. Wakati ule hesabu iliyotajwa ilikuwa shilingi 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Maana yake ni kwamba mtu aliyezikosa angekosa pia laini ya kumpigia shemeji yake amkopeshe. Muswada uliporudi ulikuwa umepunguzwa makali, na sisi hatukupata nafasi ya kukushukuru kwa yale makali ya awali. Nafanya hivyo sasa.

Tumeambiwa utekelezaji ni wa awamu. Awamu tunazifahamu, Mheshimiwa, tumeishi ndani yake.

Wala sitaki unione mtu asiyejua kuhusu bima ya CHF iliyoboreshwa. Naijua, nimeikatia. Ilipoanza 2018, kaya ya watu sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, na kwa fundi cherehani hiyo ilikuwa bei ya kibinadamu kweli, hapo sina utani. Kasoro ilikuwa upande wangu: kaya yangu ina watu saba. Ilibidi tukae kikao cha familia, mimi nikiwa mwenyekiti na mama watoto akiwa katibu, tumchague wa kubaki nje ya kadi. Kura ikamwangukia kijana wetu wa tatu kwa kuwa ndiye mwenye mwili mgumu kuliko wote. Tangu siku hiyo amepigwa marufuku kupanda mwembe, kuogelea Mto Pangani na kucheza mpira bila viatu. Wenzake, ambao wako kwenye kadi, wanapanda watakavyo.

Nilifikiria pia kumtafutia kijana huyo Toto Afya Kadi, iliyokuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Lakini Machi 2023 ilisitishwa, kwa maelezo kwamba wengi waliokuwa wakiandikishwa ni watoto ambao tayari wanaumwa. Tuliipokea aibu hiyo kwa unyenyekevu. Kumbe miaka yote tulikuwa tunapeleka wagonjwa hospitali! Baadaye kadi ilirejeshwa, na sisi tumejirekebisha: mtoto mwenye afya ndiye tunayemkimbiza kumwandikisha, mgonjwa tunamwomba asubiri apone. Vimekuwepo na vifurushi vingine vya bima. Mwaka 2019 vilikuja Najali, Wekeza na Timiza, baadaye vikaja vyenye majina ya Ngorongoro na Serengeti. Kwa hivi viwili vya mwisho natoa pongezi za pekee, kwani aliyevipa majina alikuwa mkweli. Ni sehemu nzuri sana, na watu wa Manundu tunaziona kwenye kalenda.

Sasa naomba uniruhusu nikushukuru kwa dirisha la dawa.

Kipo kituo kimoja cha tiba ambacho adabu inanizuia kukitaja. Mama watoto ana presha, na kadi yake iko hai. Kliniki anapokelewa vizuri, namsifu nesi wa pale hadharani. Anapimwa, anaandikiwa, anaelekezwa dirishani. Dirisha lenyewe ni la mbao, lina nondo, na chini kuna upenyo wa kupitisha mkono. Unapitisha karatasi, unasikia droo inafunguliwa, droo inafungwa, halafu karatasi inarudi ikiwa imechorwa mstari wa kalamu nyekundu juu ya dawa mbili kati ya tatu. Ile isiyochorwa ni panadoli. "Hizi kanunue nje, mama." Nje kwenyewe si mbali, duka la dawa linatazamana na geti, na muuzaji wake, Mungu ambariki, humwona mgonjwa akivuka barabara akaanza kuhesabu vidonge kabla hajasalimiwa. Dukani kadi haitambuliki. Dukani kinachotambulika ni pesa. Kwa hiyo tunalipa bima ili tuandikiwe, kisha tunalipa tena ili tunywe, na mimi naichukulia hiyo kuwa ni mara mbili ya uzalendo.

Wajawazito ndio wanaotupita wote kwa kushukuru. Sera inasema hawalipii, nao hawalipii chochote isipokuwa vile wanavyokuja navyo kwenye kapu: glavu, pamba, wembe, mpira wa kutandika. Mimi huwashonea vitambaa vya kumpokelea mtoto, kwa hiyo naijua orodha yote kwa moyo.

Wazee nao wanatibiwa bure, kwa sharti dogo kwamba wawe wametimiza miaka 60 na wawe hawajiwezi. Tangu mtufundishe uchangiaji mwaka 1993, baada ya kizazi kizima kudekezwa na matibabu ya bure ya enzi za Mwalimu, hili limekuwa faraja kubwa. Mimi nimebakiza miaka miwili, na ninaugua kwa kujizuia ili nisiitumie nafasi ya mtu. Nikitimiza, nitakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa mtendaji wa kata, kuthibitisha kwa barua na mhuri kwamba sijiwezi. Nimeona wazee wakiifanya safari hiyo. Asiyejiweza kabisa hafiki, na anayefika anaonekana anajiweza.

Mheshimiwa, usidhani tumekaa kimya tukisubiri kubebwa. Wenzangu wa sokoni na mimi tulianza kuyasema mambo haya kwenye mkutano wa mtaa. Tukaomba mambo matatu tu: dawa zilizoandikwa zipatikane, kadi itambulike hata dukani dawa zikikosekana, na kaya ihesabiwe kwa vichwa vilivyomo badala ya sita. Mtaani wakasema hoja imechukuliwa. Ikafika kata, ikachukuliwa. Ikapanda halmashauri, huko ikapokelewa kwa mikono miwili tukaambiwa inafanyiwa kazi, na tangu hapo imo kwenye mchakato. Sijawahi kuona hoja ikichukuliwa kwa upendo namna ile. Kila ofisi iliichukua, hakuna hata moja iliyoirudisha.

Kijana mmoja mwalimu akasimama mkutanoni na kukumbusha kwamba Aprili 2001 wakuu wa nchi za Afrika, yetu ikiwemo, waliahidi pale Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya, na kwamba bajeti zinapita, asilimia hiyo ikiendelea kutungoja. Akaombwa, kwa lugha nzuri kabisa, asichanganye siasa na afya.

Na mimi niliropoka. Nilisema dunia ilipotaka kujua kama chanjo ya malaria ya RTS,S inafanya kazi, ilijua njia ya kufika Korogwe. Ni kweli, Mheshimiwa, huenda ukawa unaikumbuka: wilaya yetu ilikuwa mojawapo ya vituo 11 katika nchi saba za Afrika, na watoto wetu wamo miongoni mwa watoto 15,460 waliofanyiwa utafiti ule ulioanza 2009. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike. Damu ya watoto wa Korogwe imesafiri mpaka kwenye maabara za wakubwa na majibu yakarudi. Ni vidonge vya presha tu ndivyo vinavyopotea njia kati ya bohari na dirisha. Nilipomaliza kusema mwenyekiti alinishukuru kwa mchango wangu, akafunga mkutano kwa sala.

Ningeishia hapo, kama si jambo nililoliona kwa macho yangu.

Ilikuwa mchana, msafara umepita, na gari moja la nyuma, jeupe, namba zake za STK, za Serikali, likapasuka tairi karibu na kibaraza changu. Dereva akashuka, akapiga simu moja. Hakuulizwa kadi. Hakuulizwa gari lina umri gani wala kama linajiweza. Wakaja vijana wawili na jeki, tairi jipya likavishwa, la zamani likatupwa nyuma, na mmoja akafungua boneti bila kuombwa, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa kitambaa, akakitumbukiza tena na kukitazama juani. "Oili imepungua kidogo," akasema, na akaongeza palepale. Gari lilikuwa halijalalamika! Lilikwenda zake likiwa zima kuliko lilivyokuja. Mama watoto alikuwa amekaa kwenye benchi langu siku hiyo, karatasi ya wino mwekundu mkononi, akisubiri nimalizie suruali ya mteja ili tupate za dukani. Hakusema neno. Aliitazama tu ile oili.

Nikafanya utafiti wangu mdogo. Nimeelewa kwamba gari la Serikali lina karakana yake, ya TEMESA, na lina daftari lake la safari. Linapelekwa sevisi kabla halijaharibika, kwa kuhesabu kilomita. Tangu enzi za mkoloni sheria haikumruhusu mtu binafsi kuingiza gari barabarani bila bima; sheria ya bima kwa sisi wenye magari ya miguu miwili ndiyo hiyo ya 2023. Wapo watakaokunong'oneza kwamba hata karakana spea huchelewa. Sawa, lakini mwenye gari akicheleweshewa spea hupewa gari jingine. Hajawahi kuambiwa akanunue injini nje.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Sana, kwa unyenyekevu mkubwa na bila nia ya kuisumbua ratiba yako, naomba kusajiliwa kuwa gari la Serikali.

Siombi cheo kikubwa. Namba za STK najua zina wenyewe. Nitaridhika na SM za halmashauri, na kibao nitakivaa shingoni, kamba nitashona mwenyewe. Situmii dizeli, natumia ugali na dagaa, na kwa siku natembea nyumbani hadi sokoni na kurudi, kwa hiyo kilomita zangu ni chache. Rangi yangu si nyeupe, ila naamini kanuni zina nafasi. Mama watoto asajiliwe pamoja nami, na kwenye daftari lake presha iandikwe kuwa ni ya oili, ili apewe kinachotakiwa siku hiyohiyo. Yule kijana aliyebaki nje ya kadi aandikwe tela, maana tela halihesabiwi abiria, na hapo ataruhusiwa kupanda mwembe.

Nina sharti moja la mwisho, nalo ni kwa faida ya Serikali. Gari likichakaa hutangazwa mnada kwa utaratibu, na familia ya mtu ikiwa na pesa hulichukua. Nami nikichakaa nitangazwe hivyo, wanangu wapewe kipaumbele. Nimeona ndugu wakizunguka mtaani na daftari la michango ili wapewe maiti yao iliyozuiliwa kwa deni la matibabu, jambo ambalo Serikali imelikataza zaidi ya mara moja na ambalo tunaishukuru kwa kila mara iliyolikataza. Mnada ungekuwa na bei inayojulikana.

Endapo nafasi za magari zimejaa, naomba niingizwe kwenye pikipiki.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Fundi Cherehani,
Manundu, Korogwe.

Nakala: Karakana ya TEMESA, Tanga, kwa maandalizi. Tutakuja saba.