Utumishi Uliotukuka wa Gego Bovu



Kila Mei Mosi viwanja hufurika, bendi hupiga, na wafanyakazi bora huitwa mbele wakapokea cheti, bahasha na makofi. Katika sherehe zote hizo sijasikia akitajwa mtumishi mmoja ambaye hufanya kazi usiku na mchana, Jumapili na sikukuu, hadai posho ya kikao wala ya safari, na hajawahi kumwambia mteja wake arudi kesho. Mtumishi huyo ni gego lililotoboka. Langu liko chini kulia, la pili kutoka mwisho. Kwa niaba ya wote waliowahi kukesha wameshika shavu, naomba nisome wasifu wake.

Nianze na nasaba, maana gego bovu ni la ukoo mkubwa. Mwaka 1598 msafiri Mjerumani, Paul Hentzner, alimwona Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza akaandika kwamba meno yake yalikuwa meusi, na lawama akaitupia sukari, ambayo Waingereza waliipenda kupita kiasi. George Washington alipoapishwa kuwa rais wa Marekani mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino lake moja tu. Katika meno ya bandia aliyotengenezewa, mengine yalichongwa kutoka meno ya kiboko, mnyama wa huku kwetu. Wahenga wangemshauri bila malipo kwamba jino la pembe si dawa ya pengo.

Lina usawa pia: linamuuma waziri kama linavyomuuma mpiga debe. Lina wafuasi kuliko chama chochote, kwani Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2022 kwamba watu karibu bilioni 3.5 wanaishi na magonjwa ya kinywa, na kama bilioni 2 kati yao wameoza meno ya ukubwani. Linainua soko la karafuu za Unguja na Pemba. Linapunguza kitambi. Linatoa elimu ya dawa, hata mtu asiyekumbuka namba ya simu ya mkewe akaweza kutaja Panadol, Diclopar, Flagyl na amoksilini kwa mpangilio wa bei. Hayo ni madogo, tuyapite.

Sifa inayonileta jukwaani ni moja: gego bovu hufuata taratibu.

Tazameni linavyoanza. Unakunywa chai ya sukari, bakteria wa kinywani wanakula sukari hiyo na kutoa asidi. Asidi ikikolea, pH ikashuka chini ya 5.5 hivi, madini ya gamba la jino yanaanza kuyeyuka. Gamba hilo ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini, hata mfupa haulifikii, kwa hiyo gego haliozi kwa pupa. Mara nyingi kazi huchukua miezi, pengine miaka. Mwanzo hutokea doa jeupe tu, na doa hilo bado laweza kurudi nyuma kwa floridi iliyomo kwenye dawa ya mswaki. Hiki ni kipindi cha kukusanya maoni ya wadau. Kwa kuwa gamba halina mishipa ya fahamu, hakuna anayeumia, na kwa kuwa hakuna anayeumia, hakuna mdau anayefika.

Baada ya hapo zinaanza kutoka notisi. Ya kwanza huja na maji baridi. Ni fupi na ya heshima: YAH: TUNDU. Ya pili huja na kashata. Ya tatu huja na chai ya moto, na maumivu yake hubaki baada ya chai kumezwa, ili mhusika asije akadai hakuiona. Ya nne huletwa kwa mkono saa nane za usiku. Saa hiyo haikuchaguliwa kwa ukatili. Kiini cha jino kimefungiwa katika chumba kigumu kisicho na nafasi ya kuvimba, na mtu akilala damu huzidi kichwani, shinikizo likapanda mle chumbani. Gego linangoja wakati ambapo mteja yuko nyumbani, ametulia, na hana kikao.

Halafu maumivu hukoma. Kiini kimekufa. Mwenye jino anamshukuru Mungu, na jirani aliyemshauri asukutue majani ya mpera anaanza kujiita tabibu. Kumbe gego limefunga jalada la juu na kulihamishia shauri kwenye mfupa wa taya. Hata hapo halikiuki ngazi. Linatunga usaha kidogo kwenye ncha ya mzizi, linauachia ufizi kipele, na linasubiri tena.

Naomba nitajiwe ofisi nyingine yenye nidhamu hiyo. Mimi nimewahi kukatiwa maji bila hata ujumbe wa simu.

Tena niseme ukweli mbele ya hadhara: notisi ya kwanza niliijibu. Nilikwenda zahanati, nikakuta haina kiti cha meno. Nikaenda kituo cha afya, nikakuta kiti kipo, ganzi ipo, na koleo zimepangwa kwa ukubwa, ila vifaa vya kuzibia vilikuwa “vimeagizwa”. Tabibu alimulika akasema kwa upole, “Kaka, tundu lenyewe dogo. Likianza kusumbua sana, njoo tuling'oe.” Nikaenda kliniki ya kulipia, ambako kila kitu kilikuwepo, pamoja na dirisha la bima. Binti wa dirishani alibofya kompyuta yake kwa muda mrefu, kisha akanifafanulia kwamba kung'oa kumo kwenye kifurushi changu, ila kuziba kunataka kibali. Kibali kinataka fomu, na fomu inataka muhuri wa mwajiri.

Afisa utumishi aliipokea fomu kwa mikono miwili. Akaniangalia shavu la kulia, akaniangalia la kushoto, akarudi kulia.

“Mzee,” akasema, “mbona hujavimba?”

Basi nikavimba. Na hapo niliona nchi inavyoweza kufanya kazi. Ruhusa ilitoka kabla sijamaliza kuiomba. Muhuri uligongwa mara mbili, wa pili kwa ajili ya usalama. Gari la ofisi, ambalo siku zote huwa halina mafuta, lilikuwa na mafuta. Bima ilikubali sindano, vidonge na kung'oa, na bili yake ilizidi ile ya kuziba tundu iliyohitaji kibali. Watu ambao hawakuwa na dakika tano za kuokoa jino walipata asubuhi nzima ya kulizika.

Mniwie radhi, karatasi ya hotuba sasa naiweka chini. Uvimbe wa jino si mzaha. Mwaka 1836 daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, alieleza uvimbe unaotanda chini ya ulimi na taya, na ambao mara nyingi hutokana na magego ya chini. Ulimi husukumwa juu na nyuma, njia ya hewa ikaziba, na mgonjwa akafa kwa kukosa pumzi. Vidonge vya duka la dawa haviondoi chanzo, kwa sababu kiini kilichokufa hakina damu ya kuipeleka dawa ndani. Na mwaka 2007, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, mtoto wa miaka 12 alifariki baada ya bakteria wa jino lake kufika kwenye ubongo. Familia yake ilikuwa imehangaika na bima ya serikali na kutafuta daktari wa meno wa kuipokea. Kung'oa jino lile kungegharimu kama dola 80. Matibabu ya ubongo yalipita dola 250,000, na mtoto hakupona.

Kinachonichoma zaidi kiko hapa nyumbani. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, mpango wa afya ya kinywa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Jo Frencken kutoka Uholanzi, ulianzisha njia ya kuziba meno bila umeme wala mashine ya kutobolea. Uozo unakwanguliwa kwa vifaa vya mkononi, kisha tundu linajazwa kiziba kinachoshikamana na jino. Inafanyika hata chini ya mwembe wa shule. Dunia iliichukua. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likakiingiza kiziba cha aina hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu. Njia ilizaliwa kwetu, na mimi mwenye jino nikaambiwa vifaa vimeagizwa! Koleo hazijawahi kuagizwa zikachelewa.

Kwa hiyo gego langu halina kosa. Liliandika, likakumbusha, likapandisha shauri ngazi kwa ngazi, likafika kwenye ofisi ambazo ushahidi pekee zinaoutambua ni uvimbe. Usipoziba ufa utajenga ukuta: hakuna mkuu wa idara asiyeijua methali hiyo, na huitumia kufungulia warsha. Kisha bajeti ikiandikwa, fungu huwekwa kwenye ukuta. Kwa nini lisiwekwe? Ukuta una zabuni, una mkandarasi, una jiwe la msingi lenye jina la mgeni rasmi. Ufa uliozibwa hauna utepe wa kukata. Nani atapigwa picha akiwa ameshika jino ambalo halikung'olewa? Daktari aliyeziba matundu ya watoto wa shule nzima hana cha kuonyesha isipokuwa watoto wanaokula miwa, na miwa haimo kwenye viashiria vya utekelezaji.

Napendekeza basi cheti cha mwaka huu kipewe gego, kwa kutuonyesha wazi jinsi maombi yanavyopokelewa. Na kwa mitaro iliyoziba inayongoja masika, kwa madaraja yaliyopasuka, kwa vyoo vya shule vinavyotitia na kwa wote ambao barua zao ziko mezani kwa mtu, ushauri wangu ni mmoja. Acheni kuandika. Vimbeni.