Kumi Bora za Mchoraji wa Wikiendi

Tuelewane mapema. Orodha hii si ya wasanii waliosomea, wale wenye studio pale Nafasi Art Space, Mikocheni, wanaoitazama picha kwa dakika tano huku wameshika kidevu. Hii ni ya sisi wengine: wahasibu, manesi, walimu wa hesabu na wauza vipuri, tunaochora Jumamosi baada ya kufua na kabla ya mpira. Nimepanga kwa vigezo vitatu. Kwanza, kifaa kinakula kiasi gani cha mshahara. Pili, kinaleta maneno kiasi gani ndani ya nyumba. Tatu, na hiki ndicho kizito: ukishanunua, unachora kweli, au mnatazamana tu kabatini? Waliosomea wanaruhusiwa kununa. Tunaanzia mkiani.

10. Simu na kidole

Simu ina kitufe cha kurudisha nyuma, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Unachora pua, unaifuta, unaichora, unaifuta, mpaka mwenye pua anaaga na kwenda zake. Kabla hujafika kwenye jicho la pili, kundi la harusi limeshakukumbusha mchango. Najua, najua: Mwingereza David Hockney alianza kuchora kwenye iPhone akiwa ameshavuka miaka 70, na kazi hizo zikaonyeshwa kwenye makumbusho makubwa. Hongera zake. Hockney hakuwa kwenye kamati ya harusi ya binamu yako.

9. Pasteli za chaki

Hakuna rangi tamu kuzidi hizi, na zote ni vumbi. Edgar Degas alizitumia akawachora wale mabinti wa baleti mpaka Paris nzima ikanyamaza, lakini Degas hakuishi Temeke mwezi Februari. Ukiwasha feni, picha inahamia kwenye mashuka. Ukizima feni, anayeyeyuka ni mchoraji. Ipo dawa maalumu ya kupulizia ili unga ushike kwenye karatasi. Asiyeipata hukimbilia spray ya nywele ya mkewe, na hapo kigezo cha pili kinaanza kazi yake.

8. Rangi za mafuta

Nimeziweka hapa chini makusudi, ili waliosomea wapate la kusema. Ni nzuri, nani anakataa? Tangu Mmarekani John Goffe Rand alipobuni tyubu ya bati mwaka 1841, mchoraji aliacha kuhifadhi rangi kwenye vibofu vya nguruwe na akaweza kwenda kuchora shambani. Tatizo ni kukauka. Mafuta ya mbegu za kitani hayapotei hewani kama maji. Yanavuta oksijeni polepole mpaka yanaganda, na kazi hiyo inachukua siku kadhaa, au wiki ukipaka nene. Kwa siku zote hizo picha inakaa sebuleni, madirisha wazi, ikipokea wageni. Picha yangu ya Kivukoni ina mbu halisi pembeni ya meli. Wageni wanamsifia kwa jinsi alivyochorwa kwa makini.

Sasa moja bila utani. Tambara lenye mafuta ya kitani ukilifinyanga na kulitupa kwenye kona, joto linalotokana na kule kuvuta oksijeni linajikusanya ndani yake, na linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Litandaze nje likauke, au liloweke kwenye maji. Kununiwa kwa ajili ya harufu ya tapentaini ni jambo moja. Kuunguza jiko la mwenye nyumba ni jingine.

7. Akriliki

Hii ni plastiki iliyopakwa rangi ikajiona ni mafuta. Ilianza kuuzwa kwa wachoraji katika miaka ya 1950, na sifa yake kubwa ni kukauka haraka. Katika nchi za baridi hiyo ni sifa. Kwetu saa saba mchana, imeshakauka kwenye sahani wewe bado unaamua anga iwe ya asubuhi au ya jioni. Weka tishu iliyoloa chini ya rangi, funika sahani unapojibu simu, na usiiache brashi bila maji hata kidogo, maana ikikauka huna brashi tena, una fimbo. Fulana vilevile. Kila mchoraji wa akriliki anatambulika mtaani kwa fulana.

6. Chai ya rangi

Jina lenyewe lishaomba kazi. Chemsha majani mengi, acha maji yapungue, na unapata kahawia ya kuchorea mapaa ya makuti, kuta za mawe ya matumbawe na nyuso za wazee. Ukitaka giza zaidi, ongeza kahawa. Gharama: hakuna, kwa kuwa chai ingepikwa tu. Sharti ni moja: usitie sukari. Mchoro wenye sukari haukauki vizuri kwenye unyevunyevu wa pwani, na usiku sisimizi wanakuja kuufanyia uhakiki.

5. Rangi za maji

Watu huzidharau kwa sababu walikutana nazo chekechea. Ngoja ujaribu kupaka anga.

Ubao unauinamisha kidogo, chini yake kitabu. Brashi imejaa bluu mpaka inataka kudondosha. Unavuta mstari mmoja kutoka kushoto kwenda kulia, na kwenye ukingo wa chini maji yanatuna, yanasubiri. Mstari wa pili unagusa ule ukingo tu, na rangi yenyewe inateremka. Wa tatu hivyo hivyo, sasa ukiongeza maji ili bluu ipauke kuelekea upeo wa bahari. Ukifika chini unayanyonya yaliyobaki kwa brashi iliyokamuliwa. Halafu unaweka mikono mfukoni. Mikono mfukoni, nimesema! Ukirudi kurekebisha wingu wakati karatasi bado inang'aa, maji mapya yanayasukuma ya zamani na kuacha doa lenye kingo zilizochongoka, na doa hilo halitoki hata uliombee dua.

Nyeupe haipakwi. Nyeupe ni karatasi uliyokuwa na akili ya kuiacha. Wasio na akili hiyo, yaani sisi, tunakimbilia krayoni ya mtoto: chora matanga ya jahazi kwa krayoni nyeupe au kipande cha mshumaa, kisha pitisha bluu juu yake. Nta inayakataa maji, na matanga yanabaki meupe. Mtoto atadai krayoni yake. Mpe biskuti.

Ila karatasi ndiyo inayotuchuja. Ile ya fotokopi ya gramu 80 ikipata maji inakunjamana na kuvimba, bahari inapata milima. Ya gramu 300 inatulia, lakini bei yake inakufanya uiogope, na karatasi inayoogopwa haichorwi. Ndiyo maana nimeziweka namba tano, la sivyo zingekuwa kwenye tatu bora. Hali ya hewa nayo ina kauli yake: Dar wakati wa masika anga moja inakaa mbichi mpaka umalize kula, na Dodoma mwezi Agosti inakauka kabla hujafika ukingo wa pili.

4. Rangi ya geti

Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi, omba makopo madogo ya rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya mageti na baiskeli, na kipande cha hadibodi. Muuzaji atakuuliza geti lina ukubwa gani. Mwambie ni la chui.

Usione aibu, maana njia hii ina mwenyewe. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru wa mwaka 1932, hakusomea uchoraji popote. Alikuja Dar es Salaam kutafuta maisha, akafanya vibarua, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kupaka rangi ya namna hii kwenye vipande vya hadibodi na kuviuza Oyster Bay, pale Morogoro Stores. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alichora kwa miaka michache tu, haifiki hata mitano. Ndugu na wanafunzi wake wakaendeleza, mwaka 1990 ikazaliwa jumuiya ya ushirika yenye jina lake, na leo jina la ukoo mmoja ni jina la mtindo mzima. Mtu akikwambia uchoraji unahitaji vifaa kutoka Ulaya, mpeleke Morogoro Stores kwa miguu.

Kazi yenyewe ina utaratibu. Leo unapaka mandhari ya nyuma, rangi mbili zikikutana katikati na kuchanganyika zikiwa mbichi. Unaacha ikauke. Kesho unamchora mnyama kwa chaki, unamjaza rangi. Unaacha tena. Keshokutwa madoa, majani, ndege mwenye shingo ndefu kuliko ahadi za kampeni. Asiye na subira anapaka yote kwa mkupuo, na chui anayeyukia kwenye mbuyu. Harufu ya thina inashinda nyumbani mpaka Jumatatu, ndiyo maana hii haikupanda juu zaidi.

3. Mkaa

Si ule wa gunia. Wa gunia ni mgumu, una chembechembe, unakwaruza karatasi. Mkaa wa kuchorea unautengeneza mwenyewe, na hiyo ni nusu ya raha.

Kata vijiti vinyoofu, vyembamba, vikavu, umenye magome. Vipange vimebanana ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga, funika, toboa kitundu kimoja kwenye mfuniko kwa msumari, kisha kopo zima lizike kwenye makaa ya jiko. Baada ya muda kitundu kinaanza kutoa moshi mweupe. Majirani watauliza. Jibu lolote utakalotoa halitawaridhisha. Moshi ukikatika kabisa, ipua, na usifungue kopo hadi lipoe kabisa, maana hewa ikiingia ndani kukiwa bado na moto, unafungua majivu. Ukivumilia, unatoa vijiti vyeusi, vyepesi, vinavyolia kama kigae vikigongana.

Na hapo unachora kwa bega, si kwa vidole. Karatasi kubwa, hata gazeti la jana. Kivuli unakisambaza kwa kidole gumba, mwanga unautoa kwa tonge la mkate laini: lile la ndani likifinyangwa linanyonya mkaa vizuri, na wachoraji walifutia hivyo kabla ya kifutio cha mpira. Ila mkate ulivyopanda bei, kwenye nyumba yenye watoto futa ukiwa umefunga mlango.

2. Penseli

Waliotarajia iwe namba moja waniache nimalize.

Penseli tunayoijua ni mtoto wa vita. Miaka ya 1790 Ufaransa ilipigana na Uingereza, grafaiti nzuri ya Uingereza ikaacha kufika, na Nicolas-Jacques Conté akaona asage grafaiti iliyokuwepo, aichanganye na udongo wa mfinyanzi, aichome kwenye tanuru. Mwaka 1795 akapata hataza. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na mstari unapauka. Hizo ndizo za H. Grafaiti ikizidi, inakuwa laini na nyeusi. Hizo ni za B. Ukiwa na HB, 2B na 6B huhitaji kingine, na usikubali kuuziwa boksi la penseli dazeni mbili. Chonga kwa wembe, si kwa kichongeo: acha ncha iwe ndefu, ili ukiilaza ikupe kivuli na ukiisimamisha ikupe kope.

Kasoro yake si yake, ni ya ndugu zetu. Shika penseli mbele za watu na mtu atasema, “Mjomba, nichore na mimi.” Hutamkatalia. Atakaa, atacheka, atageuka, atapokea simu. Ukimaliza atatazama na kuuliza, “Huyu ni nani?” Shangazi naye atasema umemfanya mweusi, na pua hiyo si ya ukoo wao. Halafu watabeba mchoro, bure, kwenda kuupiga picha na kuweka mtandaoni bila jina lako.

1. Peni ya buluu

Ndiyo. Ile ile ya kusainia hati ya malipo.

László Bíró alikuwa mwandishi wa habari wa Hungaria aliyechoshwa na wino wa kalamu usiokauka. Aliona wino wa magazeti unakauka upesi, lakini ni mzito mno kushuka kwenye nibu. Dawa ikawa kigololi kinachozunguka mdomoni mwa kalamu. Hataza yake ni ya mwaka 1938. Hakuwaza wachoraji hata kidogo, na ametufaa kuliko wote waliotuwaza.

Itazame ikifanya kazi. Ukiigusisha tu karatasi inatoa rangi ya kijivu, nyepesi, karibu na penseli. Ukiikandamiza inakupa buluu ya usiku. Katikati unapanga mistari midogo, unaikatiza kwa mingine, na shavu la mtu linaviringika mbele ya macho yako. Kigololi hukusanya tone la wino pembeni. Lifute kwenye kitambaa kila mara, la sivyo litadondokea kwenye jicho, na huwa linachagua jicho. Adui mwingine ni jua, maana wino huu hupauka ukiachwa kwenye mwanga. Basi usiutundike mchoro ukutani. Daftari likifungwa linatosha.

Haifutiki, na kwa hilo naipa namba moja. Pua ikishakaa imekaa; unahamia mdomoni. Ipo mfukoni kwenye foleni ya benki, kwenye kikao cha saa tatu kisichokuwa na ajenda, kwenye benchi la hospitali unakosubiri majibu ya vipimo. Hakuna anayekugeukia, kwa sababu kila mtu anadhani unaandika mambo ya maana. Bosi wangu alishawahi kunisifia kwa kunukuu sana vikaoni. Nimemchora vizuri, kwa njia, hasa kitambi.

Anayeona nimeidhulumu penseli asiniandikie maneno. Achukue yoyote kati ya hizi kumi, anichore, masikio yote mawili, halafu tuongee.