Sifa za Flagi ya Kompaila

Bibi harusi husifiwa ukumbini, marehemu husifiwa makaburini, na mheshimiwa husifiwa kila aendako, hata akija kuzindua choo cha shule. Flagi ya kompaila haisifiwi na mtu. Hutajwa usiku wa manane tu, na anayeitaja huwa anailaani. Deni hilo limekaa mno, leo nalilipa.

Kwa wasioifahamu, niitambulishe kwanza. Ndani ya mita ya LUKU iliyo ukutani, ndani ya king'amuzi kilicho chini ya televisheni, ndani ya mashine ya EFD inayomtolea mteja risiti, mna prosesa ndogo isiyo na kioo wala kibodi, yenye kazi moja tangu iwashwe hadi itupwe. Programu yake haiandikwi humo, maana nafasi haipo. Huandikwa kwenye kompyuta ya kawaida, mara nyingi kwa lugha ya C, kisha kompaila huigeuza kuwa amri za prosesa ile ya mbali. Sasa kompaila itajuaje inaiandikia prosesa ipi? Haiwezi kujua, ni lazima iambiwe, na huambiwa kwa maneno mafupi yanayoanza na kistari. Maneno hayo ndiyo flagi. Ukiiandikia Cortex-M4 yenye FPU, yaani kitengo cha kukokotoa namba zenye nukta, utatamka hivi:

-mcpu=cortex-m4 -mthumb -mfpu=fpv4-sp-d16 -mfloat-abi=hard

Kuna watu wameajiriwa kwa sababu wanaweza kuandika mstari huo bila kunakili mahali. Wengine, walio wengi, wameajiriwa kwa sababu wanajua pa kuunakili.

Sifa ya kwanza ya flagi ni adabu. Tazama -mthumb. Mwaka 1985 kule Cambridge, Uingereza, Sophie Wilson na Steve Furber wa kampuni ya Acorn walipata chipu ya kwanza ya ARM inayofanya kazi, na kila amri yake ilikuwa ya biti 32. Miaka ya 1990 ikaja Thumb, mtindo wa kuzibana amri hizo katika biti 16 ili programu itoshe kwenye kumbukumbu ya bei nafuu. Prosesa kama ARM7TDMI zilijua mitindo yote miwili, kwa hiyo flagi ilikuwa na kazi ya maana: kuiambia kompaila itumie upi. Zilipokuja Cortex-M, kuanzia M3 iliyotangazwa mwaka 2004, mtindo wa zamani ukaachwa kabisa. Prosesa hizi zinajua Thumb tu, na kompaila za GCC za siku hizi zinalifahamu hilo bila kuambiwa. Bado -mthumb huandikwa, mradi baada ya mradi. Kusema lisilohitaji kusemwa ndiyo adabu yenyewe. Muulize yeyote aliyewahi kuamkia wazee wa Pwani akiwa na haraka.

Tena flagi ni msafiri mwenye vyeo tofauti kila bandari. Kwenye ARM, -mcpu ni mkubwa: huchagua seti ya amri na pia namna ya kuzipanga ili zikimbie vizuri kwenye chipu hiyo. Ihamishie kwenye GCC ya kompyuta za Intel na AMD, uikute imeshushwa cheo. Huko ni jina la zamani la -mtune, ukiitumia unapewa onyo, na mwenye mamlaka ni -march. Ukifungua sehemu ya PDP-11, mashine iliyoanza kuuzwa mwaka 1970 na ambayo GCC bado inaitafsiria, utakutana na -mfpu nyingine isiyo na undugu na ile ya ARM, imekaa pamoja na -m40 na -m45, kila moja na modeli yake. Wenye PDP-11 inayowaka leo ni wachache, na baadhi yao ni makumbusho. Flagi zake zimebaki kazini zikisubiri. Nitajie mtumishi wa umma anayesubiri hivyo bila kudai posho ya kikao.

Lakini malkia wa ukoo huu ni -mfloat-abi, na hapa naomba msomaji aniruhusu nikae kidogo.

Prosesa nyingi ndogo zinajua namba kamili tu. Cortex-M0 hata kugawanya haina amri yake. Ukigawanya namba mbili ambazo hazijulikani mapema, kompaila huita funksheni ya maktaba iifanye kazi hiyo kwa kutoa na kusogeza biti. Namba zenye nukta, kama 36.6 ya kipimajoto, ni anasa kubwa zaidi. Chipu nyingine za M4 zina FPU, nyingine hazina. Flagi hii basi inakuuliza hesabu za nukta zifanywe na nani, na inapokea majibu matatu. Ukisema soft, kila hesabu inafanywa na maktaba, na namba hupitishwa kutoka funksheni moja kwenda nyingine kwa rejista za kawaida, yaani visanduku vya namba vilivyo ndani ya prosesa, kuanzia r0. Ukisema hard, FPU inafanya kazi na namba hupitishwa kwa rejista zake yenyewe, kuanzia s0. Jibu la tatu ndilo linalonifurahisha: softfp. Huyu ni bwana mwenye gari nyumbani ambaye akienda ukweni huenda kwa miguu, kwa kuwa ukweni hawana pa kuliegesha. Ndani ya funksheni anatumia FPU atakavyo. Akifika mpakani anaishusha namba kwenye r0, ili maktaba za zamani zilizojengwa kwa soft zisione jambo geni.

Uzuri wake unaonekana vitu viwili visivyolingana vikikutana. Una maktaba uliyopewa na muuza chipu, imejengwa kwa soft, wala hukupewa msimbo wake. Programu yako umeijenga kwa hard. Ukiziunganisha, linka, yaani programu ya kuunganisha vipande, inagoma: faili hii inapitisha namba kwa rejista za VFP, ndizo hizo za FPU, ile haipitishi. Haikwambii ufanye nini. Mtu mwepesi wa hasira ataona usumbufu. Mwenye busara ataona ameokolewa, maana linka isingegoma, funksheni moja ingeweka 36.6 kwenye r0, nyingine ingekwenda kuchungulia s0 na kuondoka na takataka iliyoachwa humo na mwingine, kisha kipimajoto kingemtangazia mgonjwa joto la jua.

Na isidhaniwe kwamba ni mambo ya vijichipu tu. Raspberry Pi ya kwanza ilipotoka mwaka 2012, prosesa yake ilikuwa ARM11 ya kizazi cha ARMv6, na ilikuwa na FPU. Debian, mfumo wa Linux, wakati huo ilikuwa na milango miwili. Mmoja, armel, ulipitisha namba kwa mtindo wa soft. Mwingine, armhf, ulikuwa wa hard lakini ulidai ARMv7 kwenda juu. Pi ikawa imezidi mlango mmoja na kupungukiwa na mwingine. Wakatokea watu wa kujitolea wakajenga upya maelfu ya vifurushi vya Debian, kimoja baada ya kingine, kwa hard na ARMv6, na matokeo yakaitwa Raspbian. Mfumo mzima wa uendeshaji ulizaliwa kwa sababu ya flagi mbili tatu. Zipo sera za taifa zilizozaa kidogo kuliko hapo.

Nije kwenye fadhila ninayoihusudu kuliko zote, nayo ni kutunza siri. Umeweka hard, umeweka fpv4-sp-d16, linka imeridhika, programu imeingia kwenye chipu. Unaiwasha, inakufa kabla ya kuwasha taa. Sababu ni kwamba FPU ya M4 huamka ikiwa imefungwa, na hufunguliwa kwa kuandika biti nne, ya 20 hadi ya 23, kwenye rejista iitwayo CPACR. Usipoifungua, amri ya kwanza ya nukta inamtupa prosesa kwenye HardFault, na humo ndani anazunguka bila kusema neno mpaka umeme ukatike. Je, flagi ilijua? Flagi iliulizwa jambo moja, amri zipi zitumike, na ikajibu kwa uaminifu. Nani amefungua FPU na nani hajafungua, hayo ni ya watu wengine. Waswahili walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na nadhani hawakuwa na dibaga, chombo cha kusaka makosa.

Ukishafungua FPU unaandika mstari mmoja mwepesi:

joto = ghafi * 0.1;

Zote mbili, joto na ghafi, ni za aina ya float. Mstari unafanya kazi, jibu ni sahihi, kila mtu anakwenda kula. Hakuna anayejua kwamba FPU haikuguswa. Katika C, 0.1 iliyoandikwa hivyo ni double, ya biti 64, na herufi sp zilizojificha katikati ya fpv4-sp-d16 zinasema kwamba kitengo hiki kinajua biti 32 tu. Basi kompaila inaita __aeabi_f2d kuirefusha ghafi, inaita __aeabi_dmul kuzidisha kwa nguvu za maktaba, kisha __aeabi_d2f kulikata jibu lirudi udogoni. FPU uliyoilipia imekaa mkao wa mgeni rasmi. Ungeandika 0.1f, herufi moja tu, yote yangekwisha kwa amri moja ya kuzidisha. Ipo flagi ya kukuonya, -Wdouble-promotion, lakini hata kwenye -Wall haimo, wala -Wextra. Haendi mahali bila kualikwa kwa jina, na katika zama hizi za watu kujipeleka kwenye shughuli zisizowahusu, huo ni ustaarabu.

Msiri mwingine ni --specs=nano.specs, anayekuletea maktaba ya C iliyopunguzwa ili itoshe kwenye chipu ya kilobaiti chache. Alichopunguza ni pamoja na uwezo wa printf kuandika namba za nukta. Ukiandika %f hupati kosa, wala hukatizwi. Mahali pa namba panabaki patupu: "Joto: C". Kifaa kinakiri kwamba kuna joto na kwamba linapimwa kwa Selsiasi. Mengine mwachie Mungu. Dawa yake ni kuongeza -u _printf_float, maneno ambayo hakuna akili ya kibinadamu ingeyabuni yenyewe kwa kufikiri tu.

Tusiwasahau wadogo. Lugha ya C haisemi kama char ni namba yenye hasi au isiyo na hasi. Imewaachia wenye mashine. Kwenye kompyuta ya mezani ya Intel huwa na hasi. Kwenye ARM huwa haina. Mwanafunzi aliyesoma faili kwa char, akingoja ifike EOF, alama ya mwisho wa faili, ambayo ni -1, kwenye laptopu yake alifaulu. Akiupeleka msimbo huo huo kwenye ARM, -1 inakuwa 255, 255 hailingani na -1, na kitanzi kinazunguka milele. Dawa ya kweli ni kutumia int. Dawa inayotumika ni -fsigned-char, ambayo inaichukua dhambi hiyo kimyakimya, na kuichukua kwa mafaili yote ya mradi, yaliyokosa na yasiyokosa.

Kuna wanaosema mambo haya yote yangepaswa kujipanga yenyewe: uchomeke bodi, chombo kiitambue, flagi zijiandike. Tayari zana nyingi za kubofya hufanya hivyo, na kwa siku za kawaida hufanya vizuri. Siwapingi. Nauliza tu, siku bodi ile ile ikija na chipu nyingine kwa kuwa ya awali imeadimika sokoni, ni nani atakayejua kwamba M4 mpya haina FPU, na kwamba mstari mmoja ndani ya faili lisilofunguliwa na mtu bado unasema hard? Fundi aliyekeshwa macho na flagi anajua mwili wa prosesa yake, amri zake na upungufu wake, kuliko wengi wanavyojua simu wanazolala nazo.

Nimalizie na wawili waliosahaulika kabisa. Wa kwanza ni -mfix-cortex-m3-ldrd. Baadhi ya chipu za Cortex-M3 zilitoka na kasoro: amri ya LDRD, inayosoma maneno mawili ya kumbukumbu kwa mpigo, huweza kukosea pale rejista inayopokea inapokuwa ndiyo hiyo hiyo inayobeba anwani. Chipu ikishatoka kiwandani haisahihishwi. Flagi hii inamzuia kompaila asiandike amri hiyo kwa namna hiyo, na ukitaja -mcpu=cortex-m3 inajiwasha yenyewe. Kosa ni la silikoni, anayelifunika ni maneno manne yenye vistari, na sijaona mahali palipoandikwa asante.

Wa pili ni -mthumb-interwork. Aliletwa enzi za prosesa za mitindo miwili, ili funksheni ya mtindo wa zamani iweze kuita ya Thumb na kurudi salama. Kitabu cha maelekezo cha GCC chenyewe kinasema kwamba chini ya mfumo wa AAPCS, unaotumiwa na zana za sasa za ARM, flagi hii haina maana yoyote. Haina maana, wamesema wenyewe walioitengeneza. Ingia basi kwenye Makefile, faili za maelekezo ya ujenzi, za miradi ya Cortex-M, prosesa ambazo mtindo wa zamani hata hazina, uone ilivyotulia katikati ya mstari, imerithiwa kutoka mradi wa kale usiojulikana mwenyewe. Ifute kama unabisha. Jenga upya, linganisha mafaili, baiti zitatoka zile zile. Kisha irudishe ilipokuwa, maana bidhaa inakwenda kwa mteja Ijumaa na hakuna anayetaka kuulizwa kwa nini aliitoa.