Muulize Anti Timazi: Ndoo Zimepanda Juu ya Ndoo

Mavuno yakishaingia ndani, Sumbawanga nzima hugundua jambo moja: nyumba haijaongezeka. Mahindi yamepukuchuliwa, ulezi umesagwa, maharage yamechambuliwa, dagaa wa Kasanga wamefika, na kila kimoja kimepewa ndoo yake yenye mfuniko. Kuanzia hapo ugomvi haupumziki. Barua za mwezi huu zote ni za ndoo na mahali pa kuziweka. Anti amezisoma, mkono mmoja una kalamu, wa pili una futi.

Mke wangu anasema mimi si mwanamume

*Anti, shikamoo. Mke wangu ana ndoo kumi na mbili za lita 20, zimepandana stoo mpaka dirisha halionekani. Unga wa ulezi siku zote uko kwenye ndoo ya chini kabisa. Kila jioni nazishusha, kila jioni nazipandisha, na bado naambiwa mwanamume mwenye nyumba yake angeshatengeneza shelfu. Kaka yangu anashauri ninunue mbao kwanza, hesabu zitajileta zenyewe. Mimi si fundi. Nianzie wapi?*
*Mbeba Ndoo, Izia*

Marahaba, mwanangu. Anza kwa kutomsikiliza kaka yako. Anayenunua mbao kabla ya kupima ndoo hutengeneza shelfu nzuri sana, ambayo ndoo ya kwanza tu inagoma kuingia. Chukua futi, pima ndoo ikiwa na mfuniko wake. Upana upime mdomoni, maana ndoo ni nyembamba kitakoni na pana juu. Kisha pima kimo. Ya lita 20 mara nyingi hukaribia sentimita 30 kwa upana na haifiki 40 kwa kimo, lakini usiniamini mimi, iamini futi.

Ghorofa tatu, ndoo nne kila ghorofa, kumi na mbili zimeenea. Kila ghorofa ipe urefu wa sentimita 140 na kina cha 35. Ya chini iinuke sentimita 15 kutoka sakafuni, na zinazofuata zipishane kwa sentimita 55, ili mkono upate pa kupita juu ya mfuniko.

Sasa ndiyo uende dukani. Nunua mbao tano za mbili kwa mbili, zile za papi, za futi 12, yaani sentimita 366. Mbili zikate katikati, umepata nguzo nne za futi 6. Tatu zilizobaki, kila moja ikupe vipande viwili vya sentimita 140 vya mbele na nyuma, na viwili vya 35 vya ubavuni. Jumla 350, kinachosalia ni haki ya msumeno. Ongeza mbao tatu za moja kwa sita za kutandika: kila moja inatoa vipande viwili vya 140, na vipande viwili vinatosha ghorofa moja, ukiacha mwanya katikati. Chukua pia ubao mmoja wa moja kwa mbili. Kazi yake utaiona kwenye barua inayofuata.

Misumari ya inchi 3 ni ya fremu, ya inchi 2 ni ya kutandikia. Na kila mti wa mlalo unapokutana na nguzo, pigilia chini yake kijipande cha ubao kiwe kiti chake. Mzigo ukalie mti, usining'inie kwenye msumari. Ndoo ya mahindi si chini ya kilo 14, na hapo zitakuwa nne kwa safu.

Unasema wewe si fundi. Wazee wa Ufipa walijenga malungu, matanuru ya udongo yenye kimo cha kumzidi mtu, wakayeyusha chuma humo bila kupuliza mivuo. Hewa ilijivuta yenyewe kupitia matundu ya chini. Wao walianza kwa kutafuta mawe ya chuma. Wewe msumari umeukuta tayari dukani, kazi iliyobaki ni kuupiga kichwani.

Kuhusu uanaume, soma tena barua yako. Mkeo hajaulizia uanaume. Ameulizia unga wa ulezi.

Shelfu yangu imerogwa

*Anti, nina shelfu ya mbao nene za mbili kwa nne, misumari haina idadi. Kila mara naikuta asubuhi imelala ubavu, upande wa kushoto, ambako ndiko anakokaa jirani yangu. Mchana haianguki hata siku moja. Shemeji yangu wa Dar es Salaam nilipomweleza alicheka, akasema, "Si uko Sumbawanga?" Sasa jirani namwangalia kwa jicho jingine.*
*Aliyeandamwa, Katandala*

Mwanangu, mwambie shemeji yako kwamba shelfu huanguka hata Kariakoo, ila huko hawapati mtu wa kumsingizia.

Umeandika unene wa mbao na wingi wa misumari, hukuandika neno moja kuhusu ubao wa mshazari. Nguzo nne na miti ya mlalo ni mistatili mitupu. Mstatili uliopigiliwa pembeni hukunjika ukisukumwa, hata ungekuwa wa mninga. Pembetatu haikunjiki mpaka mti wenyewe uvunjike. Chukua ubao wa moja kwa mbili wa futi 12 kama ule wa Mbeba Ndoo, kata sentimita 230 (kwa shelfu ya vipimo kama vyake), upigilie mgongoni mwa shelfu kutoka pembe ya chini ya upande mmoja hadi pembe ya juu ya upande wa pili. Kinachobaki kinatoa vipande viwili vya sentimita 65. Kimoja kiweke kila ubavu, kimshazari vilevile. Kabla ya kupigilia, nyoosha futi kutoka pembe hadi pembe, kisha pembe zile nyingine. Vipimo viwili vikilingana, shelfu imekaa sawa. Baada ya hapo mwanga akitaka kuiangusha, itabidi aje na msumeno.

Na kwa nini usiku? Anti anakisia kwamba jioni ndipo mnapojaza maji, na ndoo zilizojaa mnazipandisha ghorofa ya juu ili watoto wasizichezee. Lita 20 za maji ni kilo 20. Panga nne juu kabisa, kwenye fremu isiyo na mshazari, halafu paka aruke. Maji yakae chini, vitu vyepesi viende juu, na watoto waelezwe kwa mdomo.

Jirani mpelekee salamu. Kama bado humwamini, mwombe akushikie ubao wakati unapigilia, utajua mikono yake ilipo.

Mama mkwe hataki kuiona

*Shikamoo Anti. Kwa kubana matumizi, mume wangu alibomoa kihenge cha zamani cha marehemu baba yake kijijini, tukatengeneza shelfu kwa mbao zake. Mama mkwe alipokuja aligonga nguzo kwa kifundo cha kidole, unga ukamwagika sakafuni. Akasema, "Toeni hili dude nje kabla mahindi yangu hayajaingia." Mume anadai mama ana uchungu na kihenge cha baba. Nimsikilize nani?*
*Niliye Katikati, Laela*

Marahaba, binti yangu. Msikilize mama, tena mpikie kuku.

Unga ule ni wa mti, na mti hausagiki wenyewe. Huenda ni bungua wa kawaida. Huenda pia ni dumuzi, na huyo ndiye mama anayemhofia. Dumuzi kwao ni Amerika ya Kati. Hapa nchini alitambuliwa kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akasafiri kwa magunia bila kulipa nauli, na wakulima wakampa hata jina la Scania. Watu wengi humjua kwa mahindi tu. Kumbe ni wa ukoo wa wadudu watoboa miti, na mpaka leo anaweza kujichimbia kwenye mbao za ghala lililobaki tupu, akasubiri mavuno mapya kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka. Ninyi mmembeba na nyumba yake mkamleta sebuleni. Wala msitegemee plastiki nyembamba. Hiyo nayo ana meno ya kuitoboa.

Mbao zenye matundu zigeuzwe kuni, tena zichomwe upesi, zisirundikwe nyuma ya jiko. Nunueni mpya.

Mama akisharidhika na mbao, atauliza kama mahindi yamekauka, kwa hiyo jiandae. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi kwa ndoo, yarudi juani. Ikianguka chini yote, funika. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, nao hupima unyevu kabla ya kununua gunia la mkulima, kwa hiyo mama mkwe wako si mkorofi, ana viwango.

Mumeo akitaka kumbukumbu ya baba, zipo picha.

Fundi wangu yuko njiani

*Anti, nilimlipa fundi pesa yote, ya mbao na ya ufundi. Nikimpigia anasema yuko njiani. Juzi nilimwomba aongeze ghorofa mbili na kabati lenye mlango wa kioo kwa bei ileile, akakata simu. Hivi hawa watu wana dini?*
*Nangoja, Mazwi*

Mpendwa Nangoja, hata kama fundi wako anatokea Tunduma, kutoka huko hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 200, na lami ipo. Angekuwa anatembea kwa miguu huku amebeba randa kichwani, angeshafika. Hayuko njiani, anakukimbia, na nusu ya mbio hizo umemtia wewe mwenyewe.

Fundi hapewi pesa ya mbao, anapewa mbao. Nenda naye dukani, funga jicho moja, tazama kila ubao kuanzia kwenye ncha kama umepinda, lipa muuzaji mwenyewe. Ufundi ulipe kwa mafungu: anapoanza, fremu ikisimama, na ndoo zikishapangwa zote juu yake bila kuyumba. Paini inatosha. Mninga ni wa milango na vitanda, usiusumbue kwa ndoo za dagaa. Ukiuziwa mkaratusi mbichi, usikubali upigiliwe siku hiyohiyo, maana hujikunja ukikauka. Upange kivulini, weka vijiti kati ya ubao na ubao hewa ipite, juu weka mawe mazito, na ungoje kwa subira hiyo uliyoionyesha kwa fundi.

Tena mchoro uwe mmoja. Shelfu ya ghorofa tatu iliyokwisha kulipiwa haizai mlango wa kioo.

Mwenye nyumba hataki msumari ukutani

*Anti, nimepanga chumba kimoja. Sakafu ni ya udongo, ina mabonde. Mwenye nyumba kasema msumari ukigusa ukuta, mimi na ndoo zangu nje. Rafiki yangu anasema nipake miguu ya shelfu oili chafu, mchwa wasije.*
*Mpangaji Mnyenyekevu, Chanji*

Shelfu yenye mshazari husimama kwa miguu yake, haimwegemei mwenye nyumba. Iache mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, upate kuona njia ya udongo ya mchwa kabla haijafika kwenye unga. Kila mguu ukalishe juu ya tofali la kuchoma au jiwe bapa. Kuanzia Novemba hadi Aprili sakafu ya udongo hunyonya unyevu, na mti ulioigusa huoza kuanzia chini. Pimamaji huna? Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, tia maji nusu, funga, ilaze juu ya ubao. Upande ambao maji yamejaa ndio ulioinama. Inua hapo kwa kijipande cha ubao.

Oili chafu waachie wenye uzio. Chumba hicho kimoja ndimo unamolala na ndimo unamokula, na harufu ya oili haitambui mfuniko. Na Juni baridi ya huku juu ikikubana, jiko la mkaa liwe mbali na ndoo: plastiki hulainika kabla ya wewe kupata joto. Wewe mwenyewe usilale nalo limewaka mlango umefungwa. Moshi wake usioonekana unaua.

Majibu mafupi

*Kwa Mama Wawili, Namanyere:* Anayeamua kipi kikae ghorofa ya katikati ni yule anayekichukua kila siku. Mumeo akipika, apewe.

*Kwa Msafi, Matai:* Kichanja cha vyombo cha nje ni cha sahani na sufuria kukauka juani. Ukikipandishia ndoo sita za maharage, bwana afya akija atakuta vyombo chini na wewe umeshika kiuno.

*Kwa Mjanja, Muze:* Hapana, huwezi kupunguza nguzo ya nne ili ubane gharama.

*Kwa Aliyeachwa, Kasanga:* Nimeisoma barua yako kurasa zote. Pole sana. Lakini umeeleza alivyoondoka, umeeleza alichosema, umeeleza hata gari alilopanda, na hakuna mahali ulipotaja ulikuwa umembebesha mizigo mingapi. Andika upya, uweke vipimo.