Nyoko Alikuwa Mama

Mfyuu! Jamani, kioo cha gari na cha bodaboda vimegusana tu, wala hakuna kilichovunjika, lakini mtu keshamvuta mama wa mwenzie katikati ya barabara. "Nyoko!" Na mbele yake kakitanguliza kile kiungo ambacho sitakitaja, maana hapa kwenye kahawa wamekaa wazee na watoto wanapita kutoka madrasa.

Kinachoniuma ni kwamba wengi wanaolirusha neno hilo hawajui wanarusha nini. Nyoko maana yake ni mama yako. Basi. Uchafu wote uko kwenye kile kilichotangulizwa. Nyoko mwenyewe hana kosa.

Sikilizeni. Wabantu wengi hawana neno moja tu la mama linalozunguka kwa kila mtu. Mama yangu ana neno lake, wako lake, wa yule lake. Nendeni Rwanda na Burundi: mama ni wangu, nyoko ni wako, nyina ni wake. Waganda wanasema mmange, nnyoko na nnyina. Wakikuyu wana maitu, nyukwa na nyina. Teremkeni hadi kwa Wazulu kule Afrika Kusini mtakuta umama, unyoko, unina. Ukoo mmoja, mtu hahitaji kuambiwa mara mbili. Hata kwetu nyina bado limo kwenye kamusi. Mzee akisema "mtoto na nyina wake", nani atashtuka? Maneno mawili ya tumbo moja, moja limebaki na heshima zake, jingine limekuwa la kutupiana kwenye vituo vya daladala.

Na kwa nini iwe nyoko, isiwe nyina? Mimi naona hivi. Nyina ni mama wa mtu tunayemsema, pengine hata hayupo. Lakini nikikwambia nyoko, nimekutazama usoni na nimemgusa aliyekuzaa. Neno lenyewe lina kidole ndani yake. Ndiyo maana yaliyotupata sisi yamewapata na wengine. Mkikuyu ukimwambia nyukwa kwa ukali atakunja ngumi. Anayetaka adabu husema maituguo. Wazulu nao wana tusi lililojengwa vilevile kama letu, kiungo kwanza, kisha unyoko. Hakuna aliyemfundisha mwenzie. Kila mahali, mtu mwenye hasira anajua pa kumpiga mwenzie pakamuuma.

Sasa wazee wetu walipoona nyoko limeharibika, wakaliacha. Tukasema mama yako, tukafupisha mamako, kama babako na dadako. Lugha safi kabisa. Je, limepona? Aa wapi! Leo mtu akikufokea "mamako!" barabarani, hakuulizii hali ya mzazi wako. Tena wamehamia kwenye mamaye. Neno la adabu, la vitabuni, mama yake fulani, vijana wamelivuta mwisho wakalifanya tusi la kila kitu: mpira umegonga mwamba, "mamaee!", umeme umekatika, "mamaee!" Mwalimu akimsimamisha mtoto asome kwamba Juma na mamaye walikwenda shambani, darasa zima linaangua kicheko, na aliyesimama anaona haya kwa kumtaja mama wa Juma. Hilo ndilo linalonichoma. Tusi halikubaki kwenye nyoko tulipoliacha. Limemfuata mama nyumba kwa nyumba, na kila jina jipya tunalompa linalifikia.

Na wale wanaosema ni maneno tu, waulizeni mahakimu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 89, inasema lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani ni kosa, na kifungo chake ni hadi miezi 6. Sheria inaangalia umemwambia nani na umemwambiaje. Nyoko lilelile, bibi wa Kirundi akikuulizia nalo hali ya mama yako kwa lugha yake, utamjibu kwamba hajambo, na utamshukuru.

Kwa hiyo wewe kijana wa bodaboda, kioo kimegongwa na dereva. Dereva huyo hapo, ana masikio, ana leseni, mwambie yeye. Mama yake yuko nyumbani, hajashika usukani.