Kiherehere cha Moyo

Tiketi ilisema 12:00, nami nikaisoma saa kumi na mbili alfajiri, kama mtu yeyote aliyefundishwa kuhesabu saa na mama yake. Basi la Tanga, kuondokea Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Kwa kuogopa kuachwa nilikuwa macho tangu saa nane usiku, na saa kumi kasorobo bodaboda akanishusha getini. Mkononi nina mfuko wenye kanzu ya bwana harusi, binamu yangu. Imeshonwa Kariakoo, na huko Tanga inangojwa kama mwezi wa Idi.

Karani aliitazama tiketi, akanitazama na mimi.

“Kaka, hii ni saa sita mchana.”

Mtu mwenye wasiwasi ukimpa saa nane za bure, umemkomoa. Nilikagua kanzu mara tatu. Nikaenda msalani mara nne. Moyo ulipochoka kudunda kifuani, ukashuka miguuni, nikaanza kutembea. Nikamwona mama wa makamo na mizigo mitatu, nikampokea na kumsogezea hadi kwenye benchi. Kijana akauliza magari ya Arusha yako wapi, nikamwonyesha. Mzee wa Morogoro nikamfikisha mpaka mlangoni. Ilipotimu saa mbili nilikuwa naongoza watu kwa mikono miwili.

Mpiga debe mmoja akanisogelea.

“Wewe uko kampuni gani?”

“Mimi abiria.”

“Abiria tangu saa kumi? Hebu acha kiherehere, unatuharibia kazi.”

Nikaenda pembeni kumpigia Bibi, angalau nipate wa kunihurumia.

“Shikamoo Bibi.”

“Marahaba, mume wangu. Umefika wapi?”

Nikamweleza yote, kuanzia tiketi mpaka mpiga debe. Akacheka hadi akakohoa. “Ndivyo ulivyo. Una kiherehere wewe tangu mdogo.”

Mara mbili asubuhi moja! “Bibi, hata wewe?”

“Kiherehere cha moyo, baba. Nimesema una kimbelembele mimi?”

Sisi tuliokua tukiambiwa “acha kiherehere” darasani tunalijua neno hili kwa sura moja: yule mtoto anayemkumbusha mwalimu kwamba jana aliacha kazi ya nyumbani. Bibi analijua la zamani zaidi, la moyo kwenda mbio na mtu kukosa raha. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalitaja kwa maana hiyohiyo ya Bibi. Katikati hapo neno limehama kifua, na pengo lake tumeliziba kwa mengine. Anayesubiri matokeo ya mtihani ana mchecheto. Aliyeitwa na bosi ofisini tumbo joto. Mwenye deni la kikoba ana presha. Wahka tumewaachia washairi.

Lakini nadhani neno halikupotea njia. Moyo ukidunda, mikono haikai. Hutafuta kazi, na ikikosa ya kwake huingilia ya jirani. Bibi na mpiga debe waliuona ugonjwa mmoja, yule kwa ndani, huyu kwa nje.

Saa sita tukaondoka. Tulipofika Kibaha nikapapasa chini ya kiti. Mfuko haupo! Nilipiga ukelele konda akadhani kuna moto. Basi zima likajua habari za kanzu, za harusi, na za binamu yangu ambaye angeoa kesho kwa fulana. Sauti ikatoka viti vya nyuma.

“Mwanangu, si huu? Uliuchanganya na mizigo yangu.”

Ni yule mama wa benchini. Nikamuuliza alifuata nini stendi mapema vile.

“Tiketi ilisema 12:00,” akajibu, akatazama dirishani.

Harusi ikapita salama. Siku ya kurudi nikaapa kutulia. Tiketi ilisema 7:00, lakini sikutaka hata kuishika, moyo usije ukaanza tena. Nikampa Bibi. Akavaa miwani, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

“Saa saba mchana. Kaa unywe chai.”

Nikakaa. Nikala vitumbua vinne, nikasikiliza nani alimnunia nani ukumbini. Kifuani kimya, kama nyumba ambayo watoto wamekwenda shule. Nikajisemea, kumbe watu huishi hivi!

Saa mbili asubuhi simu ikaita. Karani.

“Abiria wa Dar, ulikuwa wapi wewe? Tumeondoka saa moja, sasa hivi tunaitafuta Segera.”

Nikaweka kikombe chini. Bibi aliichukua tiketi, akaitazama tena kwa muda mrefu, kisha akavua miwani na kushika kifua.

“Mume wangu,” akasema, “leo kimenishika mimi.”