Gari Linalopiga Risasi Likiwa Limesimama

Huku kwetu mtu akitoboa, habari hufika mtaani kabla yake. Duara la dhahabu likitema, mawe yakapita karashani, zebaki ikafanya kazi yake na mzigo ukauzwa soko la madini Geita, kijana aliyeondoka Shinyanga na begi la mgongoni hurudi na kimoja kati ya vitu viwili: mke wa pili au Subaru. Mpwa wangu hakuwa hata na mke wa kwanza. Akaja na Subaru.

Wala haikuwa Subaru ya kupelekea watoto shule. Ilikuwa Impreza yenye tabo, gia za mkono, magurudumu yote manne yanavuta, na bomba la moshi ambalo paka mzima angeweza kuzalia ndani. Baada ya shikamoo alinishika mkono akanizungusha gari lote. "Mjomba, huku tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kabla hujapakia hata debe la mahindi. Tabo inaisindilia hewa, nguvu zinarudi." Nikamjibu kwamba Corolla yangu inavuta hewa hiyo hiyo nyepesi miaka yote na haijanichelewesha msibani hata mara moja. Akanitazama kwa huruma, kama daktari.

Kusema kweli, ugonjwa huu hakuuanzisha yeye. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, yakikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1996 Tommi Mäkinen alishinda kwa Mitsubishi Lancer. Mwaka uliofuata Colin McRae akashinda kwa Subaru Impreza. Basi ikawa imetoka hiyo. Vijana wa Afrika Mashariki wakagawanyika wa Lancer huku, wa Subaru kule, na sisi Wasukuma hatukuhitaji kufundishwa, maana tulishakuwa na Bagika na Bagalu kabla gari la kwanza halijapita hapa. Vyama hivyo viwili vya ngoma hukutana uwanjani baada ya mavuno, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Ukicheza vizuri na watu wakaenda upande wa pili, umeshindwa. Shika hilo, maana ndilo linaloeleza kwa nini mpwa wangu alihitaji kelele.

Kelele zenyewe zilitoka Kahama, kwa fundi mmoja mwembamba mwenye kompyuta ya mapajani iliyofungwa kwa utepe. Hakufungua boneti. Alichomeka waya chini ya usukani, akabonyeza vitufe, akaomba soda, akapokea fedha ambazo zingenunua ndama wawili. Alichokifanya ni kuweka kikomo. Gari likiwa limesimama na klachi imekanyagwa, hata ukikandamiza mafuta mpaka chini, injini haivuki mizunguko 4,500 kwa dakika. Klachi ikiachiwa, kikomo kinaondoka. Nikauliza mara mbili ili nihakikishe nimeelewa: amelipa fedha zote zile ili gari lake likatazwe?

Fundi akanielewesha, na nitamtendea haki kwa sababu alikuwa na maarifa. Tabo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Gari likisimama, injini haina mzigo, moshi ni mchache, tabo imelala. Ukiondoka hivyo, gari linalovuta kwa magurudumu yote hung'ang'ania lami, mizunguko inaporomoka na unaondoka kwa adabu mno. Ukizidisha mizunguko bila kipimo, unaunguza klachi au unavunja kitu. Kikomo hukushikilia katikati. Kompyuta inakata cheche za plagi, inachelewesha nyingine, mafuta yanawakia nje ya silinda, ndani ya bomba kabisa, na moto huo ndio unaoipiga tabo makofi mpaka iamke. Joto la humo linaweza kupita nyuzi 900 za Selsiasi. "Ndiyo maana usikae hapo zaidi ya sekunde chache," alisema fundi, "utaipika tabo." Mpwa wangu alikuwa ameshatoka nje kupiga picha.

Na yale mafuta yanayowakia ndani ya bomba hayawaki kimyakimya. Yanapasuka: pa! pa-pa! pa!

Jioni hiyo hiyo alikwenda kumwonyesha bibi yake gari, kijijini, njia ya Kolandoto. Alifika giza limeingia. Badala ya kupiga hodi kama mtoto aliyelelewa, akasimama nje ya boma, akakanyaga klachi, akakandamiza mafuta. Bibi ana miaka themanini na kitu, na katika umri wake mlio wa namna ile una maana moja tu. Akatoka na kupiga mwano. Asiyeujua mwano hajalala Usukumani: ni ukelele unaopokewa boma hadi boma, na ukiusikia huulizi, unachukua fimbo. Sungusungu walianza huku huku, mpakani mwa Kahama na Nzega, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya wezi wa ng'ombe, na hawajasahau kazi. Kabla mpwa wangu hajazima injini, gari lilikuwa limezungukwa na filimbi, tochi na wanaume wasiotabasamu.

"Bunduki iko wapi?"

"Ni tabo, wazee wangu."

"Huyo Tabo yuko wapi?"

Walimpekua Tabo hadi chini ya siti. Mwisho wakamtaka awaonyeshe, naye, badala ya kuomba radhi, akawapigia tena. Mbuzi wa jirani walivunja zizi. Faini ikatajwa papo hapo: mbuzi mmoja mkubwa, aliyeliwa usiku ule ule. Nikiri kwamba niliitwa nikala. Bibi alimalizia mfupa wake, akamtazama mjukuu wake muda mrefu. "Ng'wanawane," alisema, "gari linalopiga kelele hivyo likiwa limesimama, likitembea si litalia?"

Kwa miezi kadhaa lilitembea vizuri tu, na sababu ni moja: vumbi. Barabara za machimboni ni moramu. Pale ukiachia klachi kwenye mizunguko 4,500, magurudumu manne yanachimba, yanateleza, changarawe zinaruka, kuku wanatawanyika, gari linaondoka. Ule utelezi ndio uliokuwa unalinda vyuma. Nguvu ikizidi, inamwagikia kwenye changarawe. Kijana akaamini ni ufundi wa mguu wake.

Kisha ikaja lami. Kulikuwa na kipande kipya ambacho mkandarasi alikuwa hajakifungulia magari, kimenyooka, cheusi, hata mistari hakijachorwa. Mwenye Lancer, mnunuzi wa dhahabu kutoka Geita, akatoa changamoto: mita 402, kama wanavyofanya wenzao wa Ulaya na Marekani. Umati ulijaa tangu asubuhi. Akina mama waliuza michembe na karanga. Niliwaambia wote wawili kwamba ule ni upuuzi, kisha nikatafuta kivuli mahali panapoonekana vizuri.

Bendera ikainuliwa, magari yakaanza kupasua mabomu. Bendera haikushuka, kwa sababu aliyeishika alikuwa anajirekodi kwa simu. Sekunde zikapita, bomba la Subaru likageuka jekundu, klachi ya Lancer ikaanza kunuka. Iliposhuka, wakaachia.

Lami haisamehe. Gari linalovuta kwa magurudumu mawili huserereka likaunguza tairi, na tairi ni kitu cha kununua. Haya ya manne yalishika yote kwa pamoja, hakuna lililoteleza, na nguvu ikatafuta pa kutokea. Ikatokea kwenye gia boksi. Tulisikia mlio mmoja mfupi, mkavu. Subaru ikasogea hatua chache za mtu mzima, ikasimama, injini ikiendelea kuunguruma bila kuvuta kitu. Lancer ilifika mbali kidogo zaidi, ikafunikwa na moshi wa klachi yake yenyewe. Wakati tunatafakari nani ameshinda, Probox ya mchomoko iliyochepuka kukwepa matuta ilipita katikati yao, abiria wamepakatana, jogoo ametoa kichwa dirishani, ikavuka mstari wa mwisho na kuendelea na safari zake. Umati ulishangilia vibaya sana.

Fundi alipofungua gia boksi, oili ilitoka na vipande. Mpwa wangu akaomba karai. Akachuchumaa, akalitikisa kwa mzunguko ule wa kuoshea dhahabu mwaloni, polepole, akimwaga oili pembeni na kuacha kizito kitulie chini. Meno ya gia ya kwanza yakabaki yanang'aa chini ya karai. "Mjomba," alisema bila kuinua kichwa, "kuna wiki nimechenjua nikapata chini ya hapa."

Gari lenyewe halina kosa, na hata kile kikomo hakina kosa, kilifanya kilichoambiwa. Tatizo ni kwamba kinajua kuzuia injini tu, hakiwezi kumzuia mwenye bendera wala mwenye gari. Fundi anasema dawa ni gia boksi ya spidi sita ya Impreza STI, ambayo ni imara kuliko ile ya spidi tano iliyokuwamo, na ashushe kikomo hadi mizunguko 3,500. Hilo la pili ni bure, kwa hiyo halijakubaliwa. Msomaji mwenye gia boksi hiyo, au anayemjua mwenye nayo, tafadhali atutafute. Bei inazungumzika. Ila mzigo ushushwe kwangu, usipelekwe kwa bibi.